Damu ya Marlys na Mboga za Pande Mbili

S.L.P. 88,
Fergus Falls, Minnesota.
14 Oktoba 2018

Mpendwa binamu Solveig,

Pokea salamu zetu nyingi. Habari za Alaska? Mgongo umekuachia? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi, nami siyasikilizi.

Aliyetutia wasiwasi ni wifi yako Marlys. Nyonga imekwisha kabisa, na daktari alikataa kumpasua mpaka damu iongezeke. Alimchunguza, hakuona inapovuja. Ilipungukiwa madini ya chuma tu. Vidonge vikamchafua tumbo, basi akaambiwa ale vizuri.

Hapo vita vikaanza. Binti yetu Karin akawa analeta kapu la mboga za kilimo hai, karoti zikiwa bado na udongo. Alipoiona spinachi yangu iliyogandishwa, ya supamaketi, akashika kiuno.

“Baba, hayo majani ya barafu unamlisha nani?”

“Mama yako. Ndiyo yaliyokukuza wewe, na tazama ulivyo na mdomo.”

“Udongo wa mashamba yao umechoka! Hauna kitu!”

“Wako unacho, maana wote umehamia kwenye sinki langu.”

Lakini neno lake lilinikaa. Nikaenda maktaba kusoma. Nilichokuta ni kwamba wataalamu wenyewe hawajapatana: tofauti ya madini mara ipo, mara haipo, na ikiwepo ni ndogo. Tena mboga iliyogandishwa mapema yaweza kuishinda mbichi iliyozeeka jokofuni. Hilo la mwisho nililiweka akiba mpaka Karin alipokuwa amekaa.

Tukamlisha Marlys za pande zote mbili. Alikula bila ubishi. Damu ilipopimwa tena, haikusogea. Karin alilia ndani ya gari. Mimi nikajifanya natafuta funguo.

Safari iliyofuata, muuguzi akamuuliza Marlys, “Mama, chakula unakiteremsha na nini?”

“Kahawa, mwanangu. Kwani kuna kingine?”

Wewe umekulia huku, Solveig, unajua. Kahawa asubuhi, mchana, jioni. Kwenye chakula cha kanisani birika hupita hata kabla ya sala. Kumbe kahawa ikiandamana na mboga huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini! Nimeinywa miaka yote hii nisijiulize.

Sasa anakula na maji ya chungwa, kahawa inangoja mpaka baadaye sana. Jumapili alipokataa kikombe cha kahawa baada ya ibada, mchungaji alimvuta pembeni, akamuuliza kwa upole kama kanisa limemkosea.

Jana wametupigia simu: damu imepanda, upasuaji ni mwezi ujao. Karin anadai ni kapu lake. Mimi nadai ni barafu yangu. Marlys ametuangalia wote wawili, akasema, “Aliyekaa asubuhi nzima bila kahawa ni mimi. Nyinyi mnagombea nini?”

Msalimie Einar na wanao wote. Mungu awape kipupwe chepesi na kuni kavu.

Akupendaye daima, binamu yako,
Arvid