Waya wa Mashine ya Mayai

Mukuyuni, Jumanne usiku

Mita yangu ya kupimia waya inalia kila mahali! Hicho ndicho kimenikasirisha mchana kutwa. Mashine ya Mama Mwende ya kuangulia mayai ilizimika alfajiri, na vifaranga wanafaa kutoka keshokutwa. Mayai ameyafunika kwa leso kando ya jiko, ananiangalia kana kwamba mimi ni daktari.

Nilichomoa waya, nikaunyoosha mezani, nikapima. Mita hulia waya ukiwa mzima, na ikalia. Nikiurudisha kwenye soketi ukutani, unajikunja ulivyozoea, na mashine baridi.

"Fundi, si ulisema ni kitu kidogo?"

Nikauona msumari ukutani, juu ya soketi. "Huwa unaning'iniza waya hapo?"

"Naukunja, kuku wasiudonoe."

Nikaukunja vile yeye hufanya, nikapima tena. Mita kimya. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya mpira: ukinyoosha inagusana, ukikunja inaachana. Nikakata hapo, nikaunga, mashine ikawaka.

Tukirudisha mayai, akaniwekea moja sikioni. "Unasikia kifaranga?"

Nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyoisikiliza mita. Hakuna kitu.

"Nasikia, mama," nikasema.

Keshokutwa atajua. Na mimi pia.