Jina la Msindikizaji

Mjukuu wangu Mutinda,

Umeshindaje huko Mwingi na joto lake? Hapa Nunguni ni baridi, maharagwe yamechanua, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama nyinyi wahudumu wa afya kubadilishiwa jina la kazi kutabadilisha chochote. Hata mimi natamani kujua. Nimemkumbuka mama mkwe wangu Kalunde, aliyekuwa mkunga. Siku moja wakunga waliitwa kwenye mkutano, wakaambiwa wasizalishe nyumbani tena. Eti sasa wao ni wasindikizaji wa kina mama hadi hospitali.

Wiki hiyo tulimpeleka jirani aliyeshikwa na uchungu. Mlangoni nesi akamwambia Kalunde kwa heshima, kama nyanya yake, "Susu, wewe ngojea hapa nje."

"Mimi ni msindikizaji," akajibu polepole. "Kwetu ukimsindikiza mgeni, hauwezi kurudi mpaka yeye mwenyewe akuambie rudi. Huyu hajaniambia."

Nesi akamwangalia yule mama. Alikuwa ameshika leso ya Kalunde kwa mikono miwili. Nesi akasonga kando.

Jina lililetwa ili abaki nje, na yeye akaingia nalo. Sasa niambie, hilo lenu jipya mnataka kuingia nalo wapi?

Ni mimi susu wako,
Mbithe