Mama Mkwe Anapampu Breki, Nami Niko Nyuma Juu ya Magunia

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana nikichelewa naweza kuwazika watu ninaowapenda huku nikijua sababu.

Mimi ni karani kwenye kinu cha kukoboa mpunga hapa Kahama, nimeoa mwaka jana, na kusema kweli ndoa yangu haina tatizo, mke wangu Limi tunaelewana, na mama yake ananipenda kuliko nilivyotarajia, kila akija kutoka Ushetu ananiletea karanga na maziwa ya mgando, na shida yangu imetokea humohumo kwenye upendo. Mama mkwe ni mjane, anaendesha mwenyewe pikapu aliyoachiwa na marehemu, anabeba mpunga wake na wa majirani, na njia nzima wanamjua. Kwao mkwe wa kiume hakai bega kwa bega na mama mkwe wala hamsemeshi moja kwa moja, kwa hiyo tukisafiri pamoja yeye na Limi wanakaa mbele, mimi napanda nyuma juu ya magunia, na nikiwa na neno nampa Limi alifikishe.

Huko nyuma ndiko nilikogundua. Tulipokuwa tunashuka mteremko wa kuelekea darajani niliona kupitia kioo cha nyuma bega la mama mkwe linapanda na kushuka, anakanyaga breki gari linaendelea tu, anakanyaga tena na tena ndipo linashika. Tulipofika kinuni nikafungua boneti, nikakuta kichupa cha oili ya breki kinakaribia kuwa kitupu, nikazunguka magurudumu yote sikuona hata tone, nikazidi kuogopa kwa sababu oili inapungua na haionekani inakokwenda. Nikamwambia Limi, "Mwambie mama breki zinakufa, asiendeshe." Limi akaenda, nikamsikia akisema kwa sauti laini kwamba mkweo anakutakia safari njema, anaomba uziangalie breki kidogo. Mama mkwe akajibu kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie karani gari nayo inataka kubembelezwa. Mbona yeye anakubembeleza wewe kutwa?" Wapakiaji wakacheka, nami nikacheka.

Kesho yake akajaza kichupa kwa oili ya haidroliki iliyobaki kwenye trekta la jirani, pedali ikawa ngumu, breki zikashika, akaniletea salamu kwamba gari limepona na karani alale usingizi. Mimi silali. Kitabu cha gari kinakataza oili nyingine yoyote, na safari iliyofuata nilinusa harufu ya kuungua, tuliposimama gurudumu la mbele lilikuwa la moto kiasi kwamba niliondoa mkono haraka. Sasa shemeji yangu Martina anaolewa hapa mjini mwisho wa mwezi, na mama mkwe amepanga kuwaleta wanawake wa ukoo kwa pikapu hiyo, wameshashona sare, jioni wanafanya mazoezi ya nyimbo, na hakuna mwenye furaha kumzidi yeye. Nikimwambia usoni nitamvunjia heshima, nikinyamaza naogopa hata kumalizia sentensi hii. Nimewaza kulegeza waya wa betri kimyakimya asubuhi ya harusi ili gari ligome. Je, nitakuwa nimekosea?

Karani Mwoga, Kahama

*

Karani, marahaba.

Ndiyo, utakuwa umekosea, tena bila faida. Mwanamke anayebeba mpunga kutoka Ushetu kwa mikono yake atauona waya uliolegea, ataukaza, atawapakia watu wake na kuondoka, na wewe utabaki umeshika spana.

Hofu yako lakini si ya mtoto. Nilimsomea barua yako Theonest, fundi anayelitazama gari langu, akaweka kikombe cha chai chini. Ukikanyaga pedali, anasema, kinachosukuma oili kwenda kwenye magurudumu ni masta silinda, na ndani yake kuna mipira inayoziba. Mipira ikichakaa, oili inapenya na kurudi nyuma, ndiyo maana mama anapampu. Inaweza pia kuvujia kwenye lile kopo kubwa jeusi ambako masta imefungwa, ndiyo maana hukuona tone. Oili ya trekta imeivimbisha mipira hiyo. Ikivimba inaziba vizuri kwa muda, na mwenye gari anafurahi. Halafu inaziba mpaka tundu la kurudishia oili, breki zinabaki zimebana, gurudumu linachemka. Baada ya hapo mipira inalainika, na siku hiyo mama atakanyaga, pedali itagusa sakafu.

Kwa hiyo gari lisitembee, hata kwenda gereji. Fundi alifuate nyumbani. Masta mpya peke yake haitoshi: kila mpira ulioguswa na oili ile ubadilishwe, hadi ya kwenye magurudumu na zile paipu za mpira, mabomba ya chuma yasafishwe, iwekwe oili ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kisha hewa itolewe gurudumu moja baada ya jingine. Tangu hapo, kabla ya safari, injini ikiwa inawaka, mama akanyage pedali na kuishikilia. Ikizama polepole, safari hakuna. Na oili yote imwagwe na kuwekwa mpya kila baada ya miaka miwili, maana inanyonya unyevu na kuila masta kwa ndani.

Sasa nikukaripie. Ulimpa Limi neno kali, naye akalitia sukari, kwa sababu ni binti na anampenda mama yake. Simlaumu. Lakini wewe ulilisikia likibadilika, ukanyamaza, kisha ukacheka na wapakiaji. Hapo ndipo mama alipojua kwamba breki ni jambo la utani. Heshima ya kwao inakukataza kukaa naye bega kwa bega na kupiga naye soga. Haikukatazi kumwokoa. Mchukue mjomba wa Limi, au mtu mzima yeyote ambaye mama humsikiliza, nenda naye Ushetu wiki hii, usingoje harusi. Simama mbali kidogo, uso chini kama desturi inavyotaka, mjomba awe katikati, ila maneno yatoke kinywani mwako: "Mama, gari hili litaua watu wa harusi. Halitoki mpaka fundi alifungue." Ukishasema, usipunguze wala usiombe radhi. Mwambie pia kwamba, fundi asipomaliza, umeshapanga wanawake wapande basi na sare zao, wakaimbe humo.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukunyima karanga msimu mzima. Vumilia, baba. Mama mkwe aliyenuna akiwa amekaa meza ya mbele kwenye harusi ya binti yake ni mama mkwe mzima.