Geti la Barua za Kwaya

Mwalimu Anaeli,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nimekuja kuungama. Lile kundi la barua pepe la kwaya, mmoja akiandika inatufikia wote, wa hapa Nkoaranga na waliotawanyika, uliniachia mimi nililinde. Nimeliharibu.

Uliniambia ukiwa kitandani, "Mama Neema, barua ya mgeni isipite mpaka umuulize ni wa nani." Nikaitikia. Lakini Mwalimu, sisi tumelelewa kwamba mgeni hasimamishwi getini. Kila nikifungua kompyuta nakuta watu wanangoja ruhusa yangu, naona haya. Akaja mmoja: "Bwana Yesu asifiwe, wapendwa." Nikajibu Amina, nikamfungulia. Kisha, nisije nikamkwaza mwingine, nikauondoa kabisa ule ulinzi wako. Barua zikawa zinapita zenyewe.

Wiki haikuisha. Barua taka zikamiminika: dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu, na picha ambazo siwezi kukutajia hata wewe. Nyingine zina jina la Mchungaji! Mzee Elifasi wa besi akaniandikia, "Mama Neema, umefungua duka la dawa?" Nilicheka, halafu nikalia.

Maana katikati ya taka hizo ilikuwemo barua ya Ndeshi wetu wa sauti ya pili, kutoka Akheri, kwamba mama yake amefariki. Hatukuiona. Mama wa watu amezikwa pale kwenye migomba yake bila kwaya. Ndeshi hajaniambia neno baya. Ananisalimia tu, anapita. Afadhali angenigombeza.

Ulinzi nimeurudisha. Neema alikuja kutoka Lemara akanionyesha, tena kwa ukali: "Mama, hao si wageni, ni mitambo." Lakini wengine wamekwisha kujitoa, na waliobaki wamesema taka zikipita tena wanaondoka wote. Na nyimbo zako zote ulizotutumia zimo humo.

Sasa leo asubuhi nikakuta mtu getini. Anwani ngeni, jina la Nsia, binti yako, aliyenyamaza tangu tukuzike. Nikimfungulia naye ni tapeli, kundi limekwisha. Nikimfungia naye ni Nsia kweli... nimemfungia mtoto nyumba ya baba yake. Nikapiga magoti palepale. Nilipoinuka nikamwuliza, kama ulivyonifundisha: Baba yako alikuwa akitutafutia sauti kwa kugonga nini?

Nimeshinda naenda shambani, narudi kutazama. Kahawa sikuchuma hata nusu debe. Nilimwogopa Mungu, nikakuogopa na wewe.

Jibu limekuja sasa hivi. "Kikombe cha bati, shangazi. Na mkiimba ovyo alikuwa anakifunika, anasema kisisikie."

Ni yeye, Mwalimu. Nimemfungulia.

Lala kwa amani ya Bwana. Kesho nateremka Akheri kumwomba Ndeshi radhi, na akikubali tutamwimbia mama yake pale kaburini. Na geti nitalilinda. Hata akija mtu na jina lako wewe, akitaja na Bwana Yesu, nitamkaribisha vizuri, nitamwuliza kwanza ni wa nani.

Mwanafunzi wako,
Mama Neema