Waya ya Telefone na Kuku ya Mama Mwadi

Siku ya Mungu, 9 Novemba 1952

Ile waya ni minyi nilitwaa.

Sijaambia muntu. Hata padri. Jana nilipiga magoti ku kitubio, nikasema nilimukasirikia mama, nikasema nilisinzia mu rozari. Waya sikutaja. Akanipa Salamu Maria tano. Nilizisema zote, na roho ikatoka nzito vile iliingia.

Ilikuwa siku ya kazi ine, nyuma ya mvua kubwa. Nilitoka ku masomo kwa ba Ma Sœur, bamasista, nikafuata njia ya reli peke yangu, kama kila siku. Karibu na sinyali ya upande wa Bukama, waya ya telefone ilikuwa imekatika. Ncha moja inaning'inia mpaka mu majani. Shaba safi, nyekundu.

Mu chumba cha kushona, bana-bibi kumi na mbili banavaa bangili ya shaba, zote sawasawa. Phébé, mwenzetu wa masomo, njo alibagawia. Kwangu hakufika. Hakunichukia, nafikiri alinisahau tu. Hii inauma kupita kuchukiwa.

Nilikunja ile waya, nikakunjua, nikakunja tena, mpaka ikakatika. Kipande kirefu kama mikono yangu mbili ikinyooshwa. Nikaiviringa chini ya kitambaa. Nilifikiri ni kitu ya kutupwa. Hapana – uongo. Sikufikiri kitu.

Kesho yake telefone ilikuwa kimya. Treni ya simenti ya kujenga Base ya basoda ikasimama mu gare, stesheni ndogo ya mbele, mpaka saa sita, sababu shefu wa gare hakuwa na namna ya kuuliza kama njia iko wazi. Kisimba, fundi wa waya wa kambi yetu ya reli, akaenda kuunga. Ncha mbili hazikufikiana. Mu magazini haikukuwa hata kipande. Bakangoja waya mupya itoke Bukama.

Saa nane polisi babili bakamukamata Kisimba. Bwana Administrateur, mukubwa wa serikali hapa, alisema: mvua inakata waya, haimezi waya. Na nani mwingine hapa iko na pense ya kukatia? Tena zamu, mulinzi wa njia, alimuona kule jioni, na mufuko yake. Ni kweli alienda – kutazama kama mvua iliharibu kitu. Giza likamushika, akarudi bila kuona.

Bangili niliitengeneza moja. Sijaivaa.

Siku ya kazi mbili, 11 Novemba

Leo feti, sikukuu ya bendera. Tuliimba mbele ya biro ya Territoire. Pembeni bafungwa balikuwa banamaliza kukata majani. Kisimba katikati yao, kichwa imenyolewa.

Aliniona. Nilitazama viatu vyangu.

– Marthe wa Urbain. Mama yako iko muzima?

Nilisema ndiyo, baba. Nafikiri midomo tu ilisema.

– Weye, akasema, siku moja utaitika mbinguni na malaika hatasikia, atakufungia mulango.

Akacheka. Polisi akamugombeza, akainama tena ku majani. Huyu njo muntu alinifundisha, nikiwa mudogo, kuweka sikio ku poto, nguzo ya telefone, kusikia vile inaimba.

Jioni baba alikuwa nyumbani. Kazi yake ni kufunga freni ya kusimamisha treni za mizigo, tunamuona siku mbili mu juma. Alisema, bukari mu mukono: ile siku, kama shefu wa gare angekuwa muntu wa haraka, angeachilia treni, na ingine ingetoka mbele yake. Halafu akasema: minyi nilikuwa mu ile ya simenti.

Sikujua. Hakuna muntu aliniambia.

Akasema tena: mwenye kutwaa ile waya, hata akiwa wa damu yangu, nitamushika mukono nimupeleke mwenyewe.

Mama akamwambia: kula, Urbain, samaki inapoa.

Minyi nilikuwa namega bukari, namega, siweki mu kinywa.

Siku ya kazi tatu, 12 Novemba

Nilijaribu kumwambia mama. Alikuwa anatwanga sombe. Nikasema: mama. Akasema: nini? Nikasema: chumvi imeisha.

Chumvi iko mingi.

Siku ya kazi ine, 13 Novemba

Leo alikuja Mama Mwadi, bibi ya Kisimba. Pamoja na mujomba ya Kisimba, muzee Mwanza, ametoka Kabondo-Dianda na kinga, baisikeli yake, siku mbili mu matope. Kuku amefungwa miguu nyuma ya kinga, amechoka kupita muzee.

Bamama ba kambi banakuja kwangu kuandikisha barua ya Kifaransa. Ni hivi tu bantu banafika. Barua ikiisha, banaenda. Hakuna anayekuja kuketi bure.

Muzee Mwanza njo alisema maneno. Andika: Bwana Mukubwa, tunakuja magoti chini. Tunaleta kuku. Tunaleta na shaba. Bamama ba jamaa bamekubali kuvua bangili zao, fundi wetu wa kufua atayeyusha, atavuta waya ingine ndefu kupita ile. Utuachilie mutoto wetu, mambo iishe.

Kalamu ilisimama. Nikauliza, sauti kidogo: lakini baba Kisimba njo alitwaa?

– Hakutwaa hata ya kushonea kifungo, Mama Mwadi akasema.

Muzee Mwanza akanitazama kama muntu anatazama mutoto anayeuliza njia ya nyumba yake mwenyewe.

– Weye wa masomo. Kwa mfumu, shefu wa mugini, habaulizi nani alitwaa. Mukubwa iko na hasira, unaondoa hasira. Unajipakaa vumbi ku mikono, unaweka kuku chini, mfumu anasema imeisha. Kila muntu anarudi kwake. Mwenye kosa? Yeye anajijua. Atakaa katikati yetu, siku moja aibu itamutoa.

Nilijua. Hapa njo siwezi kudanganya. Ma Sœur alitufundisha mu somo ya sheria, iko mu daftari yangu ya masomo, nilipiga mustari nyekundu chini yake: mbele ya tribunal ya Bulamatari, ya serikali, anayerudisha kitu amekubali aliitwaa. Ilifaa nifungue kinywa. Niseme: muzee, kule kuku inazima moto, huku ni kuni. Maneno mafupi. Ndiyo, minyi ni muntu wa haya. Lakini nyuma ya haya kulikuwa kitu ingine. Nilifikiri: mambo ikiisha na kuku, imeisha na kwangu.

Nikaandika. Kifaransa ya safi, bila kosa moja. Nikatia mpaka maneno ya heshima ya mwisho, yale marefu.

Mama Mwadi akapaka kidole wino, akakandamiza ku karatasi kwa nguvu, kama vile nguvu ya kidole itasikiwa kule. Aliniachia karanga mu kitambaa.

– Mungu alinde huu mukono, akasema.

Siku ya posho, 15 Novemba

Ku robine ya maji asubuhi bamama banacheka. Mumoja anasema: kuku ya Mwadi amepata kazi kwa Bulamatari, bwana yake hajapata. Mwingine: anafanya kazi gani? – Ya kuingia mu sufuria. Bakacheka tena. Halafu bakamuona Mama Mwadi anakuja na ndoo yake, kila muntu akaanza kusugua kitu.

Alibapita. Alikuja kwangu.

Barua ilisomwa jana. Edmond, karani wa biro, njo alimuelezea. Alimwambia: mama, mbele ya hii barua kulikuwa mashaka. Bwana mwenyewe alikuwa anauliza-uliza, alisema labda ni bapita-njia. Sasa weye umetia kidole. Anayeleta waya ingine, alikula ya kwanza. Njo vile Bwana alisema. Na kuku, bameandika mu dosie kama jamaa ilitaka kumununua Bwana.

Hukumu ni siku ya kazi moja, saa mbili. Edmond anafikiri miezi sita. Na nyumba ya kambi inarudi kwa kampani. Mama Mwadi iko na batoto bane.

– Unisomee ile barua, aliniambia. Vile tulisema, usome vile.

Nilikuwa na karatasi ya kwanza, ile ya kujaribia. Nikasoma, nikigeuza kwa Kiswahili. Alisikiliza kichwa chini. Magoti chini. Kuku. Shaba. Mambo iishe.

– Njo vile tulisema, akasema. Basi ni vinywa vyetu. Weye hauna kosa, mutoto.

Akanishika kichwa. Ningependa anipige.

Karanga zake ziko pale pale mu kitambaa. Siwezi kuzila, siwezi kuzitupa.

Siku ya Mungu, 16 Novemba

Misa. Sikwenda kupokea komunyo. Mama aliona, alinitazama njia yote ya kurudi.

Mbele ya kanisa nilifanya kitu sijafanya hata siku moja. Nilimufuata muntu mwanamume, nikamwita. Edmond alikuwa anapangusa kinga yake. Nikamuuliza: kama barua ingine ingefika, ikisema ni muntu mwingine alitwaa waya, Bwana angefanya nini?

– Iko na jina ao bila jina?

Nikasema sijui.

– Bila jina inaingia mu kikapu. Banatuletea za hivi kila juma: jirani anasingizia jirani, bibi anashitaki bibi mwenzake. Bwana hasomi.

– Na ikiwa na jina?

Aliacha kupangusa.

– Jina ikiwa ya muntu mukubwa, banaita muntu. Jina ikiwa ya mutoto, banaita baba.

Halafu akasema pole pole, kama hasemi na minyi: hukumu ni saa mbili. Minyi nafungua biro saa moja na nusu.

Akapanda kinga, akaenda.

Sasa ni saa kumi. Mvua imeacha. Mama yuko kwa jirani kusuka nywele. Baba ametoka kitambo, alisema anaenda kuketi kidogo na Mama Mwadi, si vizuri muntu abakie peke yake siku kama hii.

Niko mezani na karatasi. Nimeandika mistari mitatu ya Kifaransa. Ni minyi nilikata ile waya na kuitwaa, siku ya sita Novemba, nyuma ya mvua. Kisimba hakujua kitu. Bibi yake na mujomba balileta kuku na shaba sababu kwao ni desturi ya kutuliza mukubwa, na minyi nilijua sheria, sikubaambia.

Huu wa mwisho ulinikawiza kupita yote. Waya ni waya. Lakini Mama Mwadi alitia kidole chini ya maneno nilijua yatamwangusha, na nilimushikia karatasi isiteleze. Sasa minyi natafuta namna ya kutuma maneno bila kidole.

Chini niliandika Marthe. Nikasimama.

Bamarthe ni bengi. Mu kambi tuko batatu. Ikibakia hivi, inaingia mu kikapu ya Edmond. Nikitia jina ya baba, kesho saa moja na nusu banaita baba. Miaka kumi na saba ku freni. Nyumba hii ni ya kampani, na ukuta, na mulango, na hii meza. Kampani itasema nini kwa muntu ambaye mutoto wake alisimamisha treni ya Base? Na yeye alikuwa ndani ya ile treni. Atanishika mukono, vile alisema? Siogopi mukono. Naogopa uso wake wakati haujaanza bado kuelewa.

Nikiacha, Kisimba anapanda kesho mbele ya Bwana, atasema kweli, na hakuna atakayesikia. Si sababu sauti yake ni ndogo.

Nimechovya kalamu. Ikakauka. Nimechovya tena.

Nyayo ku changarawe. Viatu vya baba, navijua, kisigino ya kuume inavuta kidogo. Na miguu mingine, bila viatu.

Mama Mwadi anasema: labda amelala. Baba anajibu: huyu? Halali muchana, anaandika tu, sijui anamuandikia nani. Mwadi, ingia, atakuandikia ingine. Atatupatia maneno ya kumutoa.

Bako ku mulango.

Daftari nitaisukuma chini ya mukeka. Ile barua yangu siwezi kuikunja. Jina ya baba nimeitia, wino iko ingali mubichi –