Ua la Kwanza la Baba Yenu

Bahrom na Zarrina,

Mkate nimeufunika kwa kitambaa. Bahrom, usiulaze kifudifudi na haraka zako hizo, ni kuukosea heshima. Supu ipasheni moto.

Leo asubuhi maua meupe aliyoyapanda baba yenu yamechomoza kwenye theluji. Nimewaita, mkanijibu "tunakuja, mama," macho yote kwenye simu. Enzi za uhai wake, kila mwaka ua la kwanza alilichuma yeye, akanigusisha nalo machoni, tukashukuru kuuona mwaka mwingine. Leo nimejigusisha mwenyewe. Ni kama kujipa pole.

Nimekwenda kaburini kumpelekea moja. ~~Msiningoje, kuleni.~~ Ningojeni.

Ua nililoliweka kikombeni msilitupe. Nikirudi, mmoja wenu anigusishe machoni. Nitajifanya ndiyo kwanza naliona.

Mama