Unga wa Mbao na Gundi

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Mama amelipaka dirisha rangi ya kijani, na kila mgeni analazimishwa alisifie. Kitanda cha mtoto wenu kimekwisha. Baba amekitengeneza mwenyewe. Mwambie wifi asiwe na wasiwasi, ni imara.

Hukuambiwa kwamba mkono wa kulia wa Baba umelegea tangu alipougua. Yeye ndiye aliyetukataza. Msumeno ulikuwa ukimponyoka, na viungo vya kitanda vikaacha mianya. Kila alipokwenda kupumzika, nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa, nikanyamaza.

Juzi nilimkuta amepiga magoti, anapapasa kiungo kwa kidole gumba.

"Nani amepita hapa?"

Nikababaika. "Mimi, Baba."

Akakigusa tena kwa ukucha, nami nikadhani nimemvunjia heshima. Kisha akasema, "Gundi umezidisha. Ikikauka inang'aa, mtu anaona. Lete unga laini nikuonyeshe."

Tukakwangua, tukaziba upya, yeye akielekeza, mimi nikishindilia. Nilipojipaka gundi hadi puani, alicheka, Kaka! Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka.

Jana mteja alikuja kuulizia meza. Baba akamjibu bila kuona haya, "Mkono wangu sasa ni huyu binti. Zungumza naye."

Leo asubuhi nimepima mbao za meza hiyo. Nilirudia mara tatu, lakini nimepima.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi